Hii faida inatoka wapi?

Mwaka jana niliweka dola 50 mu programu moja ya simu; ilisema zitaongezeka kila siku. Ikafungwa. Na diploma yangu yote, sikuuliza: hii faida inatoka wapi?

Hisa ni kipande cha kampuni: ikipata faida unaweza kugawiwa, ikianguka unapoteza. Glencore inachimba Kolwezi, lakini hisa zake zinauzwa London tangu 2011. Bei nayo inacheza: Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kobalti isitoke inchi, bei ikapanda.

Mutu akikuambia hakuna hasara, akuonyeshe anauza nini. Likelemba ya bamama ba soko haiongezi kitu, lakini unajua nyumba ya ule anashika feza.