Tutembee Njia ya Reli ya Zamani kwa Macho Wazi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Eastlands, Nairobi)



Tulipotoka na vikundi vitatu kwenda kutembea ukingoni mwa Bonde la Ufa, upande wa Kijabe, wengine walituuliza: "Kwani tumekosa kazi?" Swali ni zuri. Hebu tulijibu pamoja.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Kule ukingoni wajenzi walikwama, maana mteremko ni mkali mno. Kwa muda walishusha mabehewa kwa kamba za chuma: lenye mzigo likishuka, linavuta tupu lipande. Baadaye walichonga njia ya kuzunguka mlimani, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Miaka ilivyopita njia ilihamishwa, na vipande vya tuta la zamani vikaachwa.

Treni haiwezi mlima mkali. Kwa hiyo tuta lake hupanda polepole, kama mita 2 kwa kila mita 100. Hata mama mwenye magoti mabaya alitembea nasi bila taabu. Hiyo ni faida ya kwanza.

Ya pili tuliipata njiani. Tulikuta kalavati limejaa matawi na udongo. Vijana wakaruka, nasi waandalizi tukaruka. Mzee mmoja akasimama, akasema: "Sasa mvua ikija, maji yatapita wapi?"

Tulinyamaza. Sote tulikumbuka tarehe 29 Aprili 2024. Maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe, kwa sababu njia yake chini ya tuta ilizibwa. Kabla ya mapambazuko yakapasua, yakateremka hadi Kamuchiri, Mai Mahiu. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiwa usingizini.

Basi tukajifunza: njia iliyoachwa na watu haijaachwa na maji. Tulirudi tukamweleza naibu wa chifu wa pale.

Sasa turudi nyumbani. Msimu huohuo mafuriko yalibomoa nyumba Mathare na Mukuru. Na mitaro iliyo nyuma ya ploti zetu? Kila asubuhi tunairuka tukienda kazini, kama tulivyoruka lile kalavati.

Kikundi kikitaka kutembea, kifanye hivi:
1. Kiombe ruhusa kwa watu wa msitu na kitafute mwenyeji wa kuongoza.
2. Kisikanyage reli inayotumika.
3. Kisiende wakati wa masika.
4. Kila mtu abebe maji na sweta. Kule kuna baridi.
5. Mwenye mwendo wa pole atangulie.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Ni mtaro gani tunauruka kila siku?
- Nani ataleta sepetu na wilibaro Jumamosi?
- Takataka tukizitoa, zitapelekwa wapi zisirudi mtaroni?