Habari ya Cheti cha Tezi Dume
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wachuma chai, Nyamira)

Leo nataka kuwaambieni habari ya ugonjwa ambao sisi wanaume hatupendi kuutaja, yaani saratani ya tezi dume. Daktari akiushuku, hutia sindano katika tezi na kutoa vipande vyembamba kama uzi, mara nyingi 12. Vipande hivyo hutazamwa kwa darubini, kisha huandikwa cheti.

Sasa sikilizeni. Karani wa kununua chai hatazami kila jani. Huchota konzi chache katika kikapu. Asipoona jani bovu, huenda limo chini. Sindano nayo ni vivyo hivyo. Cheti kikisema saratani haikuonekana, maana yake haikuonekana katika vipande vile. Si kwamba haimo kabisa. Kwa hiyo usikitupe cheti ukasahau. Muulize daktari ni lini utapimwa damu tena.

Jambo la pili ni namba. Mwaka 1966 daktari wa Marekani, Donald Gleason, alitoa mpango wa kupima ukali wa saratani hii. Siku hizi, saratani ikionekana, jumla huanzia 6 na kuishia 10. Mtu akiona 6 hudhani amekwisha pita nusu ya njia ya kaburini, akaanza kuuza ng'ombe na kugawa shamba. Sivyo! 6 ndiyo ya chini kabisa. Saratani hiyo mara nyingi hukua polepole, na daktari aweza kuiangalia tu, bila kukata. Tena 7 ni za namna mbili: 3 na 4 ni nafuu kuliko 4 na 3. Basi zisome namba zote mbili.

Hata wataalamu wawili waweza kutofautiana wakitazama kipande kimoja. Si aibu kuomba mtaalamu wa pili atazame kabla ya kukubali kupasuliwa.

Ndugu zangu, mkienda hospitali ya Kisii au ya Nyamira, ombeni nakala ya cheti. Ulizeni: vimetolewa vipande vingapi? Vyenye saratani ni vingapi? Namba zake ni zipi? Nirudi lini? Karatasi ya mshahara twaisoma mpaka senti ya mwisho. Na hii tuisome vivyo hivyo.