Dhamana ya Mtu Aliyeuzwa

Fungueni madaftari yenu. Maneno yetu ya leo ni mawili: "dhamana" na "ila".

Ukinunua ng'ombe, muuzaji huahidi kwamba ni mzima. Ahadi hiyo ni dhamana. Akiwa na kasoro iliyofichwa, hiyo ndiyo ila, nawe wadai fedha zako. Hiyo ni haki. Sasa sikilizeni jinsi sheria kama hiyo ilivyotumika mahali ambapo aliyeuzwa hakuwa ng'ombe, bali mtu.

Katika karne ya 19, jimbo la Louisiana huko Marekani lilikuwa na soko kubwa la watumwa mjini New Orleans. Sheria ya mwaka 1825 ilimruhusu mnunuzi kumrudisha mtumwa mwenye ila. Miongoni mwa ila za mwili kulikuwa na ukoma, wazimu na kifafa. Ila za tabia zilikuwa kosa la kustahili kifo, mazoea ya kuiba, na mazoea ya kutoroka. Aliyetoroka mara mbili kwa siku kadhaa, au mara moja kwa zaidi ya mwezi, alihesabiwa kuwa mtoro. Sura iyo hiyo ilitaja pia ila za farasi na nyumbu, kama ugonjwa wa pumzi.

Mmesikia? Kutafuta uhuru kuliandikwa kuwa kasoro ya bidhaa!

Kesi zikawa nyingi. Mnunuzi alidai, "Ulijua ni mtoro, ukanificha." Muuzaji akajibu, "Kwangu alitulia. Wewe ndiwe uliyemtesa." Madaktari waliitwa waseme kama ugonjwa ulianza kabla ya mauzo au baadaye. Mtu mmoja tu hakuitwa: yule aliyeuzwa. Yeye ndiye aliyejua maumivu yake na sababu ya kukimbia kwake, lakini sheria haikukubali ushahidi wake. Mahakama ilitafuta nani apate hasara ya fedha. Hasara ya mtu yule haikuulizwa.

Mwaka 1865 katiba ya Marekani ilipiga utumwa marufuku. Karatasi za kesi zimebaki, na wasomaji wa historia huzichunguza ili waone maisha ya watu wasioruhusiwa kusema.

Sasa zungumzeni darasani:

1. Dhamana ni nini?
2. Je, sheria yaweza kufuatwa barabara, na bado ikawa dhuluma?
3. Nani hakusikilizwa katika kesi hizo, na kwa nini?