Kipawa na Kupagawa

Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa, Idara ya Fasihi



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alibisha hodi ofisini kwangu jioni, nikiwa natafuta funguo nifunge mlango. Alikuwa mshairi, na mashairi yake yalitushinda sisi tuliokuwa tukimfundisha. Hakuja kuuliza habari za vina wala mizani. Alitoa mfukoni pakiti ya vidonge alivyoandikiwa kliniki, akaiweka mezani juu ya karatasi za mtihani, akasema: "Mwalimu, nikiendelea kumeza hivi, mashairi yatabaki?" Nilimwambia arudi kesho. Alirudi, nami nikampa jibu fupi mno. Leo nalipa deni lililobaki.

Lugha yetu yenyewe imemtegea kijana huyo mtego. Kipawa ni kitu alichopawa mtu, yaani alichopewa. Kupagawa kunatoka kwenye kupagaa: pepo humpanda mtu kichwani, akasema kwa kinywa chake. Maneno haya hayana udugu wowote, ila sikio huyasikia kama mtu na nduguye. Vijana nao wamekoleza: msanii akipanda jukwaani akaimba vizuri, ukumbi mzima "umepagawa". Kuna pia watakaonikumbusha kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Methali hiyo inamsuta mjanja aliyenaswa na ujanja wake; haimhusu mgonjwa, na tunaposimama kando ya kitanda chake tukaitamka, tunamkosea adabu.

Wazo lenyewe, kwamba kipawa na wazimu huandamana, ni la kale. Mwandishi wa "Matatizo", kitabu cha Kigiriki kilichohusishwa na Aristotle, aliuliza kwa nini waliotukuka katika falsafa na ushairi wana mwelekeo wa huzuni nzito. Mwaka 1864 Mwitaliano Cesare Lombroso alikitolea kitabu kizima kipaji na wazimu. Hao nawapita. Wanaonishughulisha ni wale waliojaribu kuhesabu.

Lewis Terman alianza mwaka 1921, California, akawakusanya watoto zaidi ya 1,500, wengi wao wenye alama 135 na kuendelea katika kipimo cha akili. Akawafuatilia hadi utu uzima na kutangaza kwamba ni wazima wa mwili na watulivu wa moyo kuliko wenzao. Habari njema, ila tuulize aliwapataje. Kwa sehemu kubwa, walimu ndio waliopendekeza majina. Mwalimu gani atampeleka mbele ya profesa mtoto anayelia darasani, au asiyesema na mtu? Sisi walimu tunawajua tunaowapenda.

Mwaka 1987 Nancy Andreasen, daktari wa akili, alitoa matokeo yaliyoelekea upande wa pili. Aliwahoji waandishi 30 wa warsha maarufu ya uandishi ya Iowa, akawalinganisha na watu 30 wa kazi nyingine: asilimia 80 ya waandishi walikuwa wamewahi kupata maradhi ya hisia, dhidi ya asilimia 30 ya wenzao. Takwimu hiyo imetembea dunia nzima. Ni mara chache inapotajwa pamoja na idadi ile ya watu 30, au kwamba aliyehoji ndiye aliyepima, naye akijua nani ni mwandishi na nani si mwandishi.

Kisha wakaja watafiti wa Sweden, Simon Kyaga na wenzake, wakafungua daftari za taifa zima. Kati ya mwaka 2011 na 2013 walichapisha matokeo ya wagonjwa kwa mamia ya maelfu. Wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ule wa baipola, walionekana kwa wingi zaidi kwenye kazi za ubunifu. Kwa maradhi mengine ya akili, wabunifu kwa ujumla hawakuwazidi watu wengine, ingawa waandishi peke yao walikuwa na hali mbaya zaidi. Lakini lililonifanya niweke kalamu chini ni hili: ndugu wa wagonjwa wa baipola, ambao wenyewe ni wazima, nao walijaa kwenye kazi za ubunifu. Basi kinachorithiwa katika familia hizo kinaweza kufanya kazi yake bila ugonjwa. Ndugu mzima hajapagawa, na bado anaandika.

Sasa niruhusuni niende Serowe, Botswana, kwa mwandishi ambaye nimemfundisha kwa miaka mingi kuliko wote.

Bessie Head alizaliwa Julai 1937 ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili, Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mwanamke mzungu aliyefungiwa humo. Baba yake alikuwa Mwafrika, na hakupata kumjua. Alilelewa na familia nyingine, kisha na shule ya misheni, na huko ndiko alikoambiwa alikotoka. Mwaka 1964 aliondoka nchini mwake kwa kibali cha kutorudi, na kwa miaka 15 akaishi Botswana bila uraia. Mwaka 1971, baada ya kubandika kwenye posta ya Serowe tangazo lenye tuhuma nzito dhidi ya Rais, alipelekwa hospitali ya akili ya Lobatse. Alipotoka akaandika "A Question of Power", iliyochapishwa mwaka 1973.

Wanafunzi wangu hupenda kuunganisha sentensi hizo mbili za mwisho kwa neno "kwa hiyo". Mimi hufuta. Humo riwayani mhusika mkuu, Elizabeth, huteswa usiku na viumbe wawili wa njozini, Sello na Dan, na mchana huenda kwenye bustani ya ushirika kupanda vitunda vya manjano vilivyofunikwa ganda jembamba kama karatasi, apate kupika jamu. Aliyezipanga zile njozi sura kwa sura alikuwa mtu aliyekwishatoka hospitalini, ana meza, ana nyumba aliyoipata kwa fedha za riwaya yake ya kwanza, na ana mtoto wa kulisha. Pepo hafanyi rasimu ya pili.

Na kuna mtu wa tatu katika habari hii. Mama yake Bessie alifia hospitalini mwaka 1943. Hakuacha kitabu, kwa hiyo haingii katika hesabu ya mtu yeyote. Barua za binti zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Khama III pale Serowe. Maumivu ya mama yamebaki kwenye jalada la hospitali. Mateso tunayaona kwa mwenye kipawa kwa sababu yeye ndiye aliyeyaandika, kisha tunasema kipawa ndicho kilichoyaleta.

Jioni ile ya pili sikuwa nimeyapanga haya. Nilimweleza yule kijana kwamba mimi si daktari, na kwamba lolote kuhusu vidonge alipeleke kwa aliyemwandikia. Kisha nikamwandikia kwenye karatasi miaka miwili tu, 1971 na 1973, na jina la kitabu. Aliitazama kwa muda. Akairudisha pakiti mkononi, akaniuliza kama kuna maji ya kunywa.