Kuchagua Lenzi za Kamera Isiyo na Kioo: Mifano ya Kilwa na Pwani ya Lindi

Anayeingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na kamera mkononi hugundua mapema kwamba hana pa kurudi nyuma. Nguzo zimesimama karibu karibu, ukuta uko mgongoni, na kuba zimeziba mwanga wa juu, hivyo mwanga mwingi unaingia kwa ubavuni. Akitoka nje hatua chache, jua la saa saba mchana linapiga kwenye chokaa na mawe ya matumbawe mpaka macho yanafinyika. Akishuka ufukweni kurudi Kilwa Masoko, chombo kinayumba na maji ya chumvi yanaruka hadi kifuani. Hizo ni hali tatu za siku moja, na hakuna hata moja inayotatuliwa na wingi wa megapikseli. Zote zinaiangukia lenzi.

Makala hii imeandaliwa kwa wapiga picha wa Kilwa, Lindi na vijiji vya pwani: wenye studio, wanaopiga picha za harusi, waongoza watalii na vijana wanaorusha kazi zao mtandaoni. Wengi wao sasa wanahama kutoka kamera za DSLR kwenda kamera zisizo na kioo ndani. Hoja yake ni moja: lenzi ichaguliwe kwa kuangalia mpiga picha atasimama wapi na atakuwa na mwanga gani, na bajeti ianzie kwenye lenzi ndipo iende kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume. Mtu anadunduliza mwaka mzima, ananunua bodi ya bei kubwa, kisha anabaki na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi kwa kuwa fedha imekwisha.

Kamera hizi si za jana. Panasonic ilitoa Lumix G1 mwaka 2008, Sony ikaingia mwaka 2010, na mwaka 2018 Canon na Nikon zikaleta EOS R na Z zenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Kioo kilichokuwa kinapeleka taswira kwenye dirisha la kuchungulia kimeondolewa, kwa hiyo lenzi inakaa karibu zaidi na kihisi. Katika Nikon za zamani, zenye mdomo wa kufungia lenzi wa F ulioanza mwaka 1959, umbali kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye kihisi ni milimita 46.5, katika Nikon Z ni 16 tu. Kwa Canon umeshuka kutoka 44 hadi 20. Tofauti hiyo ina faida kubwa kwa mwenye mfuko mdogo, na itarudiwa mbele.

Kwanza, nafasi. Kamera nyingi za bei ya kati zina kihisi cha APS-C chenye upana wa takriban milimita 23.5 (Canon ni pungufu kidogo). Anayetaka kujua lenzi itachukua eneo la upana gani agawanye 23.5 kwa milimita za lenzi, kisha azidishe kwa umbali aliosimama. Akiwa mita 4 kutoka kwenye mihrabu ya Msikiti Mkuu, lenzi ya milimita 16 inampa upana wa karibu mita 6. Lenzi ya 35 inampa chini ya mita 3, na ya 50 chini ya mita 2. Maana yake ni kwamba lenzi ya 50, ambayo huuzwa kama lenzi ya kila kitu, ndani ya msikiti ule itatoa kipande cha nguzo na kipande cha tao. Kwa kazi hiyo 16 ndiyo inayofaa, na kwa mwenye kihisi kikubwa ni 24.

Lenzi pana ina masharti yake. Kamera ikiinuliwa kidogo kutazama kuba, nguzo zote zinaegemeana kana kwamba jengo linaporomoka. Dawa yake ni kushika kamera sawasawa, kuchuchumaa au kusimama juu kidogo inapobidi, na kukubali kwamba sehemu ya sakafu itaonekana. Kwa upande mwingine, lenzi hii ni rahisi kwenye fokasi: milimita 16 kwenye APS-C, uwazi wa f/8, fokasi ikiwekwa mita 1.6, kila kitu kuanzia sentimita 80 hivi hadi upeo wa macho kinakuwa safi. Nguzo ya mbele na ukuta wa mwisho vinaonekana kwa pamoja.

Msikiti ule una sehemu mbili, na mpiga picha anapaswa kuzijua. Ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 na ya 12, na leo haina paa. Ya kusini ni upanuzi wa karne ya 14 uliojengwa upya katika karne ya 15, na ndiko ziliko kuba. Kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Kilwa, mihrabu iko kwenye ukuta wa kaskazini. Desemba na Januari jua la mchana hupita kusini ya Kilwa, kwa hiyo uso wa ukuta huo hupata mwanga. Juni na Julai jua liko kaskazini na uso huo hubaki kivulini. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua hupita utosini, na hapo saa sita mchana kuta hazina kivuli cha kuonyesha umbo la mawe. Hakuna lenzi inayorekebisha hilo. Inabidi kuamka alfajiri au kungoja saa kumi jioni.

Sasa hofu ya wengi: kwamba bila lenzi ndefu ya kuvuta picha za mbali mtu hawezi kufanya kazi baharini. Hesabu ileile inajibu. Chombo kikiwa mita 100 kutoka Gereza, ngome ambayo Wareno waliianzisha mwaka 1505 na jengo lake la sasa ni la Waomani wa mnamo 1800, lenzi ya milimita 50 kwenye APS-C inachukua upana wa mita 47. Hata lenzi ya 35 inatoa picha nzuri, yenye ufuo na mikoko ubavuni. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, linapigwa mtu akiwa ndani yake, kando ya bwawa lake la pembe nane. Magofu ya Songo Mnara nayo ni vyumba, nyua na milango. Lenzi ya 70-300 inahitajika kwa ndege wa mikokoni, mashindano ya ngalawa na mechi za mpira. Asiyepiga hivyo mara kwa mara ataibeba bure.

Mwanga ndio unaotenganisha lenzi ya bei ndogo na lenzi yenye uwezo. Lenzi nyingi zinazokuja na kamera huishia f/5.6 au f/6.3 zikivutwa mpaka mwisho. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga mara 12 zaidi ya ile ya f/6.3. Kwenye harusi ya usiku Kilwa Kivinje, ndani ya nyumba yenye taa moja ya tyubu, picha iliyolazimisha shata ya sehemu moja ya kumi ya sekunde sasa inapigwa kwa moja ya 125. Kwa ile ya kwanza, mikono ya wapiga ngoma inageuka moshi. Kwa ya pili, vidole vinahesabika. Kituliza mtikisiko kilichomo kwenye kamera kinasaidia mkono wa mpiga picha tu. Hakimzuii anayecheza kucheza.

Kuna jambo ambalo wapiga picha wanawake wanaoitwa ndani, bibi harusi anapokuwa na mashangazi na makungwi, wanalijua vizuri: flashi inaharibu shughuli. Lenzi yenye uwazi mkubwa inairuhusu kamera ifanye kazi bila flashi, na hata bila sauti. Tahadhari moja tu: shata ya kielektroniki isiyo na sauti, chini ya taa za LED, mara nyingi huacha mistari kwenye picha. Ijaribiwe kabla ya shughuli kuanza, na mistari ikionekana, mpiga picha arudi kwenye shata ya kawaida. Vilevile f/1.8 si ya kila picha. Uso ukiwa karibu, jicho moja linaweza kuwa safi na la pili likafifia. Picha ya ukoo mzima ukumbini inataka f/4 au f/5.6.

Anayetafuta mfano wa picha iliyochukua mtu na kazi yake kwa pamoja asiende mbali. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria ambayo leo imesimamishwa Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin. Mifupa ile ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Picha za machimbo hayo zina thamani hadi leo kwa sababu zinaonyesha wafanyakazi kando ya mifupa: ukubwa wa mfupa unajulikana kwa sababu kuna mtu pembeni yake. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, jina lake limo katika sayansi: mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii. Lenzi ya 35 kwenye APS-C, au ya 50 kwenye kihisi kikubwa, ndiyo inayomweka mvuvi na wavu wake, mama na mwani wake, fundi na jahazi analolitia kalafati, bila kumtenga mtu na mahali pake. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo lenzi ya kwanza kununua.

Fedha ikiwa ndogo, ule umbali mfupi kati ya lenzi na kihisi unafungua mlango wa mtumba. Lenzi za Canon EF na EF-S zinafungwa kwenye kamera za EOS R kwa adapta ya Canon, na fokasi yake inajiendesha yenyewe. Kwa Nikon kuna adapta ya FTZ, ila mnunuzi awe macho: lenzi za AF-S na AF-P zinafokasi zenyewe, lakini za AF-D hazifanyi hivyo kwa sababu adapta haina mota, kwa hiyo itabidi kuzungusha kwa mkono. Mtego mwingine uko kwenye Canon EOS M50, kamera nzuri ya mwaka 2018. Lenzi zake ni za mdomo wa EF-M, ambao Canon imeshauacha, na haziingii kwenye EOS R hata kwa adapta ya Canon. Anayeuziwa M50 kwa bei ya kuvutia ajue kwamba lenzi atakazozinunua leo hazitahama naye.

Kisha kuna chumvi. Kamera isiyo na kioo lenzi ikitolewa, katika nyingi kihisi kiko wazi; chache, kama EOS R, hufunga shata kamera ikizimwa. Upepo wa kusi ukivuma, kubadilisha lenzi ndani ya mashua ni kuialika chumvi iingie. Lenzi ibadilishwe kabla ya kupanda chombo, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Kwa sababu hii mwongoza watalii anayevuka kila siku anafaa kufikiria lenzi moja ya kuvuta yenye f/2.8 kwa urefu wote, kama Sigma 18-50, yenye uzito wa takriban gramu 300, asiitoe kabisa safarini. Zipo pia lenzi zenye kinga ya vumbi na matone, mfano Fujifilm 23 na 35 za f/2 WR, lakini kinga hiyo inafanya kazi pale bodi nayo inapokuwa na kinga, na haimaanishi kwamba kamera inaweza kuzamishwa.

Joto la unyevu la Lindi linaotesha kuvu ndani ya vioo, na kuvu ikila mipako ya kioo hakuna fundi wa kuirudisha. Lenzi isilale kwenye begi lililoloa. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyokaushwa mara kwa mara, vinatosha. Kabla ya kununua lenzi ya mtumba, mnunuzi aimulike kwa tochi kutoka nyuma: nyuzi nyeupe kama za buibui ni kuvu, na lenzi hiyo irudishwe kwa mwenyewe hata ikiwa bei ni ya kutupwa.

Kwa hiyo mpangilio unaopendekezwa kwa mwenye APS-C ni 35 ya f/1.8 au f/2 kwanza, 16 baadaye, na kwa wa harusi 56 ya f/1.4 ikifuatia kwa ajili ya nyuso. Mwenye kihisi kikubwa atasoma 50, 24 na 85. Canon RF 50 ya f/1.8 ina uzito wa gramu 160 tu, na inaweza kuwa bora kuliko mabadiliko yoyote ya bodi ambayo mtu angeyafanya kwa fedha hiyo.

Lipo ombi la mwisho. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Mawimbi hayajaacha kula ufuo. Wapiga picha wa Kilwa wanaombwa kuchagua sehemu chache, Gereza, kuta za kasri la Makutani, kingo za Husuni Kubwa, na kuzipiga kila mwaka wakiwa wamesimama palepale, kwa lenzi ileile isiyovuta, uwazi uleule, na kuandika tarehe na urefu wa lenzi. Picha hizo, zikipigwa kwa kibali na nakala zikakabidhiwa ofisi inayosimamia magofu, zitawawezesha wataalamu kupima ukuta umepungua kiasi gani. Kazi hiyo inaweza kuanza na lenzi moja ya 35, mwezi huu.