Mshipa Uliobanwa Hutetemeka
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Itumbe)



Leo tuongee juu ya miguu. Kuna mtu akipanda kilima kwenda sokoni, shavu la mguu linambana. Akisimama kidogo, maumivu yanaisha. Mwingine ana ugonjwa wa sukari na kidonda cha kidole hakiponi. Watu husema ni uzee, au amerogwa. Mara nyingi ni mshipa wa damu uliojaa mafuta ndani, ukawa mwembamba.

Mnajua mpira wa maji: ukiubana, maji hupita kwa nguvu na mpira hutetemeka. Mshipa ni vivyo hivyo. Damu ikipenya penye wembamba, nyama za karibu nazo hutetemeka. Mashine ya altrasaundi hutuma sauti ambayo sikio halisikii. Ikirudi, mashine hupima kasi ya damu, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler wa Austria mwaka 1842. Hata ule mtetemo huweza kuonekana kama rangi pembeni ya mshipa. Haikati, haichomi, wala haina miale ya eksirei.

Basi tufanyeje? Mwenye dalili hizi aende hospitali mapema, kabla mguu haujaoza ukakatwa. Si kila altrasaundi ya akina mama wajawazito inapima mishipa ya miguu. Ulizeni kabla ya kulipa nauli hadi Kisii. Kila kikundi kitenge akiba ya safari hiyo. Na wewe unayevuta sigara, acha: inaharibu mishipa.