Ramani ya Mawingu Yanayozaa Nyota

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Ni kuchora ramani. Mnamkumbuka mwalimu wetu wa jiografia: kontua moja ikikosewa, alituamuru tufute zote. Leo nachora kontua za mawingu ya angani.

Jioni za Desemba tazameni mashariki. Mtaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Karibu nazo liko wingu la Orion, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300, na humo nyota zinazaliwa hata sasa. Si wingu la mvua. Ni gesi, hasa haidrojeni, na sehemu zake nyingi zina baridi ya nyuzi zaidi ya 200 chini ya sifuri. Penye molekuli 1,000 katika sentimita moja ya ujazo, sisi twasema pamesongamana. Nafasi kama hiyo humu ukumbini ina molekuli zaidi ya milioni kumi mara milioni mara milioni.

Haidrojeni baridi namna hiyo ni kama bubu. Lakini mwaka 1970 wataalamu Wilson, Jefferts na Penzias, wakitumia darubini ya redio huko Arizona, Marekani, walinasa kutoka Orion mawimbi ya kaboni monoksaidi, yenye urefu wa milimita 2.6. Gesi hii imechanganyika na haidrojeni, basi hutuonyesha ilipo. Wimbi likirefuka kidogo, gesi yatukimbia, likifupika, yatujia. Tukipata marefu na mafupi kwa pamoja, twajua ndani mna msukosuko.

Ramani yangu ya kwanza ilinichukua mwaka mzima. Niliipeleka kwa mkuu wangu kwa majivuno. Akauliza, "Umepima wingu, au ngozi yake?" Alisema kweli. Gesi hiyo ni nyingi mno hata mawimbi ya ndani humezwa kabla ya kutoka. Nikaanza upya, nikipima ile yenye kaboni-13, ambayo ni adimu, na mawimbi yake hupenya. Nilipokuwa nimechora tambarare, pakatokea vilele.

Katika vilele hivyo ndimo nyota huzaliwa. Msukosuko hulizuia wingu lisiporomoke lote kwa uzito wake. Lakini mikondo yake ikigongana, huibana gesi mahali pamoja mpaka uzito ushinde. Asiyepima msongamano na msukosuko pamoja hawezi kueleza kwa nini wingu kubwa huzaa nyota chache.

Vijana mliopo hapa, siku ile sikukata tamaa kwa sababu nilikwisha kufundishwa, katika shule hii, kufuta kazi yangu yote na kuanza tena bila kuona haya. Shikeni hilo.